Laki tatu kwa watu sifuri
Kwa kuwa shemeji ameshairusha ile video ya onyesho langu la Jumamosi kwenye magrupu matatu, na kwenye maelezo yake mimi nimelia mbele za watu, ngoja niisimulie mwenyewe. Sikulia. Lile lilikuwa jasho, feni ilizimwa ili kamera yake isishike kelele.

Mnakijua kilugha changu cha programu, kile cha "kama", "rudia" na "andika" ninachokihangaikia tangu mwaka juzi. Kilikuwa kinaendeshwa kwenye laptop tu, yaani kwenye prosesa za aina ya x86-64. Miezi mitatu nimekesha nikikihamishia RISC-V, ile familia ya prosesa iliyoanzia Berkeley, California, mwaka 2010, ambayo mwongozo wake uko wazi, mtu yeyote anausoma bure. (Hilo la kusoma bure likumbukeni, tutalirudia kwa uchungu.)

Na nilikihamisha vizuri, msinicheke kabla ya wakati. Kutoka rejista 16 za kule (vijisanduku vya kushikia namba ndani ya prosesa) hadi 32 za huku, nilijiona kama mpangaji wa chumba kimoja aliyepewa nyumba yenye sebule. Moja ya hizo 32, inaitwa x0, kazi yake ni kuwa sifuri. Uiandikie chochote, ni sifuri tu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, nikasema hawa watu wanaiheshimu sifuri.

Basi Jumamosi. Watu kama thelathini, projekta ukutani, na kile kibao cha kompyuta chenye prosesa ya RISC-V, kilicholingana na pakiti ya sigara. Programu ya mfano: kugawa michango ya harusi. Laki tatu kwa watu 12, kila mmoja 25,000. Makofi. Hapo shemeji, simu mkononi, akauliza, "Na wasipotokea hata mmoja?"

Jamani, nilitabasamu. Swali hilo nililisubiri. Kwenye laptop ukigawa kwa sifuri prosesa inagoma, mfumo wa Linux unatuma ishara ya SIGFPE, yaani kosa la hesabu, mimi naidaka, na kilugha kinasema: "Hakuna kugawa kwa sifuri, ndugu." Kwa hiyo nikatangaza, kwa mdomo wangu huu: "Sasa tazameni lugha yenye adabu inavyokataa upuuzi."

Nikaandika 300000. Ikauliza watu wangapi. Nikabonyeza 0 kwa kidole kimoja, polepole, kama mpiga kinanda anayefunga wimbo. Kidole kikasogea juu ya Enta, kikasubiri. Halafu, na hapa ndipo huwa nafumba macho nikikumbuka, nikaupa ukuta mgongo, nikawageukia watu ili nizione nyuso zao zikishangaa. Nikabonyeza.

Zilishangaa kweli.

Kijana wa pembeni mdomo wazi. Mama mmoja wa mstari wa mbele, mhasibu wa kamati nyingi za harusi, akaivuta miwani kutoka kichwani na kusoma kwa sauti, neno moja moja: "Kila... mmoja... atatoa... shilingi..." Kimya. Akaifuta miwani kwa kanga. "...hasi moja." Akashuka mstari. "Baki, laki tatu."

Mimi bado natabasamu. Uso ulikuwa haujapata taarifa.

"Kwa hiyo," shemeji akauliza taratibu, "asiyekuja anadai shilingi?"

RISC-V, ndugu zangu, haigomi. Ukigawa kwa sifuri inajaza 1 kwenye biti zote za jibu, ambayo kwa kompyuta husomeka -1, na baki inakurudishia namba ileile uliyoigawa. Wala hesabu haijavunjika: sifuri mara -1, jumlisha laki tatu. Imeandikwa kwenye mwongozo. Bure! Ishara niliyokuwa naisubiri niidake haikutumwa na haitatumwa milele. Na jaribio la sifuri nilikuwa nalo. Usiku mmoja saa nane nikaliandikia "ruka, nitarudi". Prosesa ina rejista nzima kwa ajili ya sifuri, na sifuri ndiyo iliyoniangusha.

Dawa yake ni amri moja, beqz (kama ni sifuri, ruka) kabla ya div (gawa). Nimeiandika kwenye daladala, imepona, yameisha.

Hayajaisha. Hadi jana usiku watu tisa ambao hawakuwepo wamenitumia namba zao za simu wakidai shilingi yao. Wa tisa ni shemeji. Shemeji, wewe ulikuwepo. Ulishika kamera.