Mbao Ndiyo Iamue: Kuvalisha Makochi Upya au Kununua Mapya

Fundi akishataja gharama ya kuvalisha upya seti ya makochi, wengi huuliza: "Kwa hela hiyo si bora ninunue mapya?" Wana haki ya kuuliza, kwa sababu kazi hii si sawa na kubadilisha foronya ya mto. Kochi moja la watu watatu hula takriban mita 10 hadi 14 za kitambaa chenye upana wa sentimita 140. Kikiwa na mistari au maua makubwa hula zaidi, maana fundi lazima ayaoanishe kwenye maungio. Ongeza sponji, mikanda ya raba, uzi, pini, gundi, ufundi, na gari la kupeleka na kurudisha. Ukijumlisha, mara nyingi unakuta umeikaribia bei ya seti mpya iliyopangwa kando ya barabara Keko, Dar es Salaam, au Ngong Road, Nairobi.

Lakini ile seti ya kando ya barabara imetengenezwa kwa nini ndani? Hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapoharibika. Wanaweka bei ya kufufua kochi la mbao ngumu kama mninga kwenye mizani moja na bei ya kochi jipya ambalo hawajui limebeba mbao gani. Halafu wanaona wameokoa pesa.

Makochi mengi yaliyotengenezwa na mafundi wetu miaka ya 1980 na 1990 yana fremu za mninga, mkongo au mvule. Mninga wa misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma ni mti ambao mafundi hawauachi kuusifu, na wana sababu. Kiini chake hakiliwi kirahisi na mchwa, na mbao yake ikishakauka haipindi wala kupasuka ovyo. Tena hukua polepole. Mti wa kuvunwa unaweza kuwa umesimama porini zaidi ya nusu karne. Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliiweka mininga ya Afrika, pamoja na mikongo, katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa vibali. Aliye na fremu ya mninga sebuleni ana mbao ambayo leo kuipata, ikiwa kavu na nene vile, ni kazi na ni gharama.

Ndani ya makochi mengi mapya ya bei nafuu mna paina au mkaratusi. Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana paina inasingiziwa mengi. Paina iliyokaushwa vizuri na kutiwa dawa hutoa fremu nzuri kabisa, na kwa kuwa hutoka kwenye mashamba ya miti ya kupandwa kama Sao Hill, Mufindi, inauondolea msitu wa asili mzigo. Ubaya uko kwenye haraka. Mbao hupigwa misumari ingali mbichi, hufunikwa kwa hadibodi na kitambaa, kisha hukaukia sebuleni kwako. Ikikauka inasinyaa, misumari inalegea, na kochi linaanza kulia kila mtu anapokaa. Wakati wa kununua huoni lolote kati ya hayo, kwa sababu kila kitu kimefungwa. Lile la zamani limekaliwa na watoto, wageni na misiba kwa miaka 20, na likiwa bado halijayumba, limekwisha kujieleza.

Kwa hiyo bei ya kuulizia ni ya kochi jipya lenye fremu kama ile uliyo nayo na sponji yenye ubora uleule unaotaka kuwekewa. Mwulize fundi huyohuyo akupe bei zote mbili. Kwa fremu ya mbao ngumu, kuvalisha upya hushinda karibu kila mara, na kwa tofauti kubwa.

Sponji inastahili kuzungumzwa kuliko kitambaa, ingawa dukani watu hutumia saa nzima kwenye rangi na dakika moja kwenye sponji. Wengi huipima kwa kuibonyeza, na hilo linadanganya, kwa kuwa sponji inaweza kuwa ngumu mkononi na bado ikawa nyepesi, ikalala baada ya muda mfupi. Kinachoonyesha itadumu kiasi gani ni uzito wake kwa ujazo. Kwa sehemu ya kukalia, tafuta ya karibu kilo 30 kwa mita ya ujazo au zaidi. Nyepesi kuliko hiyo ipelekwe kwenye egemeo. Mizani ya dukani inatosha kukuhakikishia. Kipande cha sentimita 50 kwa 50, chenye unene wa sentimita 10, kikiwa cha sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo kitakuwa na gramu 750. Kikisoma gramu 450, umeshikishwa sponji ya kilo 18, hata kama muuzaji anaapa ni imara. Kwenye kochi jipya lililokwisha kufungwa huwezi kufanya kipimo hicho. Kwenye la kuvalishwa unaweza, na kwangu hii ni moja ya hoja nzito kabisa za upande huo.

Kitambaa nitakisema kwa ufupi, ila wakazi wa pwani wasikilize. Ngozi bandia iliyopakwa poliyurethani, aina ya plastiki, huharibiwa na joto likichanganyika na unyevu, ndiyo maana Tanga, Mombasa au Dar es Salaam unaona makochi yanabanduka magamba wakati mbao na sponji bado ni nzima. Kitambaa kizito cha kufumwa kitakufaa zaidi.

Upande wa kununua mapya nao una hoja ambazo wapenzi wa vitu vya zamani hawazipi uzito unaostahili. Mpangaji anayehama kila baada ya mwaka mmoja au miwili analibeba kochi la mninga kama adhabu, hasa akiishi ghorofa ya tatu yenye ngazi nyembamba. Kwake uzito ni gharama halisi, ya vibarua na ya gari. Mzee mwenye magoti yanayouma hasaidiwi na kochi la chini lenye kina kirefu, hata livalishwe kitambaa gani. Urefu wa kiti hauletwi na kitambaa. Na kuna suala la pesa inavyopatikana. Muuzaji wa makochi mapya anaweza kukubali ulipe kidogokidogo, wakati fundi anataka malipo ya awali ya kununulia vifaa, kisha kochi likakaa karakana wiki kadhaa. Mwenye kipato cha kubahatisha akichagua mapya, simwoni kama hajui hesabu.

Kuna na makochi yasiyostahili kuokolewa. Geuza kochi, fungua kitambaa cha chini, tazama. Ukikuta unga mwembamba na matundu ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao, yaliyosambaa, au mbao za chipubodi (vumbi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi) zilizovimba kwa maji, usitie hata shilingi. Chipubodi iliyovimba haishiki tena pini wala skrubu. Kunguni nao ni tatizo la peke yake, kwa sababu hujificha kwenye maungio ya fremu na mikunjo ya kitambaa. Kulipeleka kochi lenye kunguni karakana bila kumwambia fundi ni kuwapelekea wateja wenzako kunguni hao. Fremu ikiwa nzuri wanaweza kuangamizwa, lakini gharama hiyo nayo lazima iingie kwenye hesabu.

Jambo ninalolipinga kabisa ni kazi nusu. Mtu akishaona bei anamwambia fundi abadilishe kitambaa tu, sponji na mikanda ibaki ileile. Baada ya muda mfupi kitambaa kipya kinakunjamana juu ya sponji iliyokufa, na pesa imekwenda. Kama hela haitoshi, afadhali kubadilisha mikanda na sponji za kukalia, juu yake ukaweka kitambaa cha bei ya chini, au hata foronya za kushona nyumbani. Egemeo na mikono vitasubiri. Sehemu inayobeba uzito ndiyo itangulie.

Tena uwepo siku kochi linapovuliwa. Piga picha fremu, kubaliana na fundi idadi ya mita kabla kitambaa hakijanunuliwa, na mwambie aweke zipu kwenye mito ili uweze kukagua sponji wakati wowote. Mafundi waaminifu hawakasirishwi na hayo. Wanajua kazi yao inafunikwa, na wanafurahi mteja akiiona.

Anayeamua kununua mapya, kwa sababu yoyote kati ya hizo nilizotaja, asiiache fremu ya mbao ngumu iondoke bure na kijana wa mkokoteni. Amwombe fundi aikadirie thamani na kuipunguza kwenye bei ya seti mpya, au amtafute seremala aitengenezee stuli, meza ndogo ya chai, hata miguu ya kochi jipya.