Uwiano ukipinda, alama zisitupwe

Tangu kutu ya shina aina ya Ug99, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngano, igunduliwe Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ngano za nchi nyingi huletwa kituo cha KALRO (shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo) cha Njoro, Nakuru, zipimwe ukinzani. Miongoni mwa jeni zinazoikabili ni Sr25, iliyotoka kwenye nyasi ya Thinopyrum ponticum. Kipande cha kromosomu kilichoileta kilikuja na wenzake: jeni inayotia unga umanjano (mla chapati hataki somo la jenetiki, anataka chapati nyeupe) na Sd1, ambayo katika baadhi ya michanganyo hujipendelea, ikarithiwa zaidi ya nusu iliyotarajiwa.

Wachora ramani za jeni wanavutana kuhusu tabia hiyo. Desturi ya zamani ni kutupa kila alama (kipande cha DNA kinachotumika kutambua mahali kwenye kromosomu) ambayo kai-mraba yake, yaani kipimo cha jinsi hesabu iliyopatikana ilivyo mbali na iliyotarajiwa, imepita 3.84. Wanaoishikilia si wajinga. Maabara hukosea kusoma, mbegu nyingine hazioti, na ukipima alama 1,000 zisizo na kasoro yoyote, kama 50 zitavuka mpaka huo kwa bahati tu.

Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme mimea 200, itarajiwe kugawanyika 100 kwa 100, itoke 130 kwa 70. Kai-mraba ni 18. Bahati haifiki hapo kirahisi, hata kwa alama 1,000. Kisha angalia majirani. Kosa la kusoma hubaki kwenye alama yake peke yake. Jeni inayojipendelea huvuta jirani zake pia: alama inayotengana nayo wakati wa kurithiwa mara 10 katika kila 100 itatoa takriban 124 kwa 76, na inayotengana nayo mara 25 itatoa 115 kwa 85. Hiyo ya mwisho bado ina kai-mraba ya 4.5. Kwa kanuni ya 3.84 zote zinafagiliwa, ramani inabaki na pengo, na Sr25 uliyokuwa ukiitafuta imo humo humo ndani ya pengo.

Mteremko ule ule wa 130, 124, 115 unaofutwa ndio unaoonyesha jeni inayojipendelea imekaa wapi. Kinachohitajika ni mfumo wa takwimu unaokadiria kwa pamoja mahali pa jeni na nguvu ya upendeleo wake, badala ya kulazimisha nusu kwa nusu.

Upande wa pili, wa wanaotupa alama, unanishinda kwenye idadi ya mimea. Kwa mimea 60, upendeleo ule ule hutoa 39 kwa 21, kai-mraba 5.4, na katika alama 1,000 hiyo si habari. Mwenye bajeti ya mimea 60 asidai amepata jeni. Hata hivyo, alama zake azihifadhi hadi apande mingine.