Bruno Mfupi na Mzee wa Asali

Kosa la kwanza la mhadhara wangu kuhusu mizinga ya reli ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, yaani ile ya kurushia makombora iliyopandishwa kwenye mabehewa ya treni, lilikuwa la bango. Niliandika kwa herufi kubwa: MIZINGA YA MJERUMANI, KARIBUNI WOTE. Walikuja watu kumi na tisa, na saba kati yao walikuwa wafuga nyuki. Mmoja alikuja na dumu kabisa.

Kosa la pili lilikuwa ukutani, kwenye ramani yangu ya mlangobahari kati ya Calais, Ufaransa, na Dover, Uingereza, sentimita 1 kwa kilomita 2.5. Nilichomeka ncha ya bikari kwenye Cap Gris-Nez, rasi ya upande wa Ufaransa, nikaifungua sentimita 11.8, yaani masafa ya kilomita 29.5, nikazungusha. Duara likaishia majini. Dover iko kama kilomita 33 kutoka pale, yaani sentimita 13.2 za ramani.

"Kama mnavyoona," nikasema, "mizinga ya reli ya sentimita 28 haikuifikia Dover. Makombora yote yalizama."

Mzee wa dumu akanyoosha mkono. "Mwalimu, umesema mji ule ulipigwa kutoka ng'ambo tangu 1940 mpaka 1944. Sasa zile nyumba zilibomolewa na samaki?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikajitetea kwamba kulikuwa na mizinga mingine, ile ya kujengewa kwa zege ufukweni. Ni kweli ilikuwepo, lakini haikuniokoa.

"Na hizo sentimita 28 ni za nini, urefu?"

"Upana wa tundu la mtutu, mzee."

"Na urefu je? Maana hata kwetu, mzinga wa gogo na wa fremu yote huitwa mizinga. Asali hailingani."

Nikafungua daftari. Jasho likaanza mgongoni. Miezi mitatu nilikuwa nikisoma "Bruno" nikidhani ni mzinga mmoja, kumbe ni ukoo: Bruno Mfupi, Bruno Mrefu, Bruno Mzito na Bruno Mpya, wote sentimita 28. K5, mzinga mwingine wa reli wa Wajerumani, naye sentimita 28. Nilikuwa nimewatia wote kapu moja na kuwapa masafa ya Bruno Mfupi, kilomita 29.5. Huyo mtutu wake ni mita 11 hivi, mtutu wa kizamani wa manowari uliopandishwa kwenye behewa. Wa K5 ni mita 21.5, baruti inapata nafasi ndefu ya kulisukuma kombora la kilo 255, nalo linakwenda zaidi ya kilomita 60.

Nikaomba radhi, nikachora upya hapo hapo. Kilomita 62 ni sentimita 24.8, na bikari yangu inafunguka 15 tu. Nikatumia uzi na msumari. Mzee akashika msumari, mimi nikavuta kalamu: Dover ndani, Folkestone ndani, naelekea Canterbury.

"Huo mzinga unageuza shingo hivyo?" akauliza.

Haugeuzi. Mtutu wa K5 husogea kidogo sana tu kulia au kushoto juu ya behewa lake. Ukitaka zaidi, unausukuma kwa injini kwenye reli iliyopinda, au unauweka juu ya meza kubwa ya kuzungushia. Nikageuka kumwonyesha ile pinda kwa kiwiko, na kiwiko kikalipata dumu. Kumbe halikuwa tupu, na kifuniko kilikuwa hakijakazwa.

Nilimlipa lita 3 za asali. Ramani ninayo bado. Calais haibanduki kutoka Dover.