Canaletto na madaraja yake: tumwamini au ni muongo?

Ukiangalia picha za mji wa Venice za Canaletto, mchoraji wa Italia (1697–1768), unaona kila dirisha na kila ngazi ya mfereji, ndo maana wengi wanazichukulia kama foto za zama zile. Wengine wanasema aah, huyu alikuwa anawauzia watalii wa Kiingereza, lazima alipamba. Mi sidhani unaweza ukampa jibu moja.

Chukua daraja la Rialto, pale Venice. Lile la kweli lilimalizika 1591, tao moja tu la mawe. Ila mwaka 1744 jamaa akalifuta akachora pale daraja la matao matatu ambalo msanifu majengo Palladio alilibuni na likakataliwa, halijawahi kujengwa! Sawa, hapo mteja alijua ni ndoto. Lakini London je? Alichora daraja la Westminster 1747 likiwa kamili kabisa, na masanamu juu ya tao la katikati, wakati lilikuwa bado linajengwa, mwaka huohuo nguzo moja ikaanza kuzama, likaja kufunguliwa 1750 na yale masanamu hayakuwekwa. Mtu asiyejua akiiona ile picha anaapa alivyoona ndivyo ilivyokuwa.

Sasa upande wa pili. Wanasayansi wa Italia walipima ule mstari wa kijani wa mwani kwenye kuta, unaoonyesha maji hufika wapi, kwenye picha zake na za mpwa wake Bellotto, wakalinganisha na kuta za leo, wakapata maji ya Venice yamepanda kama sentimita 60 hivi. Huyohuyo Bellotto alichora Warsaw, na mji ulipobomolewa kwenye vita kuu ya pili, picha zake zilitumika kuujenga upya, ingawa naye alikuwa na tabia ya kurekebisha nyumba kidogo zikae vizuri.

Kwangu mimi swali ni nani anafaidika na uongo. Hakuna mteja aliyelipia mwani, kwa hiyo mwani umechorwa kama ulivyo. Daraja ndo kitu mteja anataka aning'inize sebuleni, na hapo ndo brashi inapoanza kuteleza, so ukitaka kujua maji yalifika wapi mwamini, ukitaka kujua daraja lilikuwaje tafuta na ramani za wajenzi uweke pembeni. Na lile la Westminster huwezi hata kwenda kuhakiki, lilishabomolewa, lililopo sasa ni la 1862.