Sikuchora baa kanisani, zile zilikuwa taa

Wale mnaonitumia emoji za chupa tangu jana usiku, nawaona. Na wewe ndugu yangu wa saundi, uliyeandika kwa grupu ya kwaya eti "jamaa ametuletea ramani ya baa mbele ya pasta", nakuona pia, na hizo waya zako za maikrofoni tutakunja pamoja siku ya kiama. Hadithi yake imefika mpaka Kondele hapa Kisumu, asubuhi mtu wa boda ananibeba vizuri tu, tukifika raundabauti anageuza shingo, "Omera, hiyo baa mnafungua lini?" Sasa acheni niseme yangu.

Hakuna baa. Kuna igizo la Pasaka. Mimi nimepewa taa kwa sababu mwaka jana ndiye niliyekuwa nagusagusa swichi nyuma ya pazia, na kanisani kwetu ukigusa waya mara moja usife, basi wewe ni injinia. Sasa mzee mwenyekiti, ambaye alifundisha Kiingereza miaka mingi mpaka akastaafu (hii mkumbuke, itarudi), akasema hatoi hata shilingi ya kukodi taa mpaka aone mchoro. "Nataka nione kwa karatasi, kijana wangu, taa gani inakaa wapi na inamulika nani."

Hapo ningechukua kalamu na rula nikachora viduara, mambo yaishe. Lakini mnanijua. Nikajiambia ngoja niwaonyeshe kazi ya watu wa teknolojia.

Watu wa taa za jukwaa wako na alama zao, kila aina ya taa na umbo lake, ndiyo fundi akishika karatasi yako popote duniani ajue apandishe nini. Kuna chama cha watu wa jukwaa Marekani kinaitwa USITT ambacho 2006 kilitoa mwongozo mzima wa hizo alama. Zamani walichorea kwa vipande vya plastiki vyenye matundu, kama ile rula ya maumbo ya darasa la saba. Siku hizi unachukua alama zimeshachorwa kwenye kompyuta unapachika tu. Bure. Hilo neno bure ndilo lilinimaliza.

Usiku wa kwanza nilimaliza bando nikitafuta. Sehemu ya kwanza, faili za programu ya kulipia ambayo bei yake nikiitaja mama yangu ataanza kufunga na kuomba. Ya pili wanataka kadi ya benki ndiyo wakupe kitu cha bure, nikashangaa, nikatoka. Ya tatu nikashusha faili kubwa nikashangilia, nafungua nakuta soketi, swichi, kengele ya mlango na feni ya dari. Alama za wayaringi ya nyumba! Ningepachika hizo Yesu angefufuka chini ya feni.

Baadaye nikapata mbili za maana. Moja ilitoka Marekani, ndani iko na parkani na freneli. Parkani ni ile taa ya kopo mnayoona kwa harusi. Freneli ni ile ya mwanga laini, lenzi yake miduara ndani ya miduara, jina ni la Mfaransa Augustin Fresnel aliyetengeneza hizo lenzi za minara ya kuongoza meli. Faili ya pili ilikuwa ya mtengenezaji wa taa wa Ulaya, wengi wao huwa wanaweka michoro ya taa zao bure kabisa, hiyo nikatoa profaili, ile taa ndefu ambayo unaweza kukata mwanga wake ukabaki umbo unalotaka.

Angalieni umbo la profaili kwa mchoro. Mwili mnene. Mabega. Shingo nyembamba. Na mimi siku tatu nzima niliangalia hiyo kitu na sikuona kile ninyi mmeshaona.

Nikaweka LibreCAD, programu ya kuchorea ramani, hiyo nayo ni ya bure, nikachora ukumbi wetu, upana mita 12, urefu 20, kipimo cha moja kwa 50 ndiyo ienee kwa karatasi ya A3. Napachika parkani, haionekani. Napachika tena, haionekani. Kuvuta karibuuu, nakuta kanukta kama choo cha nzi. Kumbe Wamarekani wamechora kwa inchi na ukumbi wangu uko kwa milimita. Parkani yenyewe ni saizi ya PAR 64, mdomo wake ni inchi 8 (hiyo 64 ni vipande vya moja ya nane ya inchi, gawanya mwenyewe), programu imeona 8 ikasema sawa, milimita 8. Taa ndogo kuliko punje ya hindi. Dawa yake ni kuzidisha mara 25.4, na uzuri wa alama za bloku (mchoro mmoja unaopachikwa mara nyingi) ni kwamba ukihariri moja, zote ulizopachika zinafuata. Nikafungua bloku ya parkani, nikazidisha, zote nane zikafura sawasawa. Freneli, hivyo hivyo. Nilikuwa najiona mtu mkubwa sana.

Halafu stima ikapotea.

Laptopu asilimia 6. Saa sita usiku, mbu wa Kisumu wameshajua niko peke yangu. Na mkono wangu, wenyewe tu, ukafungua bloku ya profaili nayo ukaizidisha mara 25.4. Ile ya Ulaya. Ile ambayo tayari ilikuwa kwa milimita. Sikuona chochote kwa sababu nilikuwa nimevuta karibu kona ya jukwaa ambako parkani zimependeza. Nikabonyeza ichapishe kwa PDF, ijipime yenyewe ienee karatasi, nikaweka kwa flashi, laptopu ikazima. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi ya Bwana.

Piga hesabu na mimi. Profaili ni kama milimita 700. Mara 25.4. Mita 17 na kitu, taa moja, kwa ukumbi wa mita 12. Na ziko tano.

Sasa jana jioni, mkutano wa kamati. Pasta yuko mbele na Biblia kwa magoti. Mzee mwenyekiti na miwani yake. Mama mwenyekiti wa kina mama, huyo ndiye alisimama na mabango mwaka ule walitaka kufungua klabu karibu na lango la kanisa, na alishinda. Mweka hazina na kitabu cha risiti. Huyu msaliti wa saundi pale nyuma anashika projekta. Mimi nimevaa shati ya kuchomekea. Nimesimama kando ya ukuta na fimbo ya kuonyeshea, fimbo wadau, nilikata kwa mti wa mpera mchana.

Nikasema, "Bwana asifiwe." Wakaitika. Nikasema, "Hii ndiyo itakuwa sura ya jukwaa letu Pasaka hii."

Projekta kwanza ikatoa bluu. Halafu nyeupe. Halafu PDF ikaanza kujichora polepole kutoka juu, ile laptopu ya kanisa ni ya enzi za kaseti, ikatokea kitako. Kitako cha mviringo. Mwili ukashuka. Mabega. Shingo. Ukuta mzima, kutoka kwa dari mpaka karibu na viti, chupa. Nikadhani imeisha. Ikaja ya pili. Ya tatu. Zote zimelala upande mmoja zimeelekeza midomo chini, na kule chini yake, ukumbi wa kanisa letu, karibu urefu wa chupa moja tu, na madhabahu ndani yake kama kiberiti. Chupa tano zinamiminia madhabahu.

Kimya. Ile kimya unasikia feni.

Mimi bado nimenyosha fimbo. Mkono ulikataa kushuka.

Mama mwenyekiti akauliza taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniua, "Baba, hizi ni za soda?"

Nikasema, "Hapana mama." HAPANA MAMA! Si ningesema ndiyo? Akili ilienda wapi? Ningesema ni profaili lakini ulimi ulikuwa umeganda, nikaongeza, "Ni za kutoka Ulaya."

Nyuma kule nikasikia projekta inatingishika, yule jamaa anacheka na mabega.

Lakini hiyo hata si penyewe. Penyewe ni ufunguo. Kila mchoro unakuwa na ufunguo pembeni, kama wa ramani, na huko nilikuwa nimeandika rangi za zile karatasi zinazowekwa mbele ya taa. Kuna njia ya zamani ya mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani anaitwa Stanley McCandless, unammulika mwigizaji kutoka pande mbili, kama digrii 45 kila upande, mmoja rangi ya joto mwingine ya baridi, uso wake uonekane una umbo. Ya baridi nikachagua bluu. Ya joto nikachagua ile wanapenda sana wenye kazi, kwa watengenezaji wa hizo karatasi iko Rosco nambari 02, Lee nambari 162, inafanya ngozi ing'ae kama jua la saa kumi na moja jioni pale ufuo wa Dunga. Mimi nilinakili jina lake vile lilivyo kwa katalogi. Sikusoma. Naapa sikusoma.

Mzee mwenyekiti akasimama. Akasogea kwa ukuta. Akapandisha miwani. Na ile sauti ya imla, sauti iliyotoa watu darasani miaka hiyo yote, akasoma, "Bas-tard. Am-ber."

Akageuka akaniangalia. Akasoma tena, kana kwamba anampa mwanafunzi nafasi ya kurekebisha.

Mweka hazina akauliza, "Mzee, hiyo ni nini kwa Kiswahili?"

Na mwalimu haachi kufundisha. Akafikiria kidogo, akatafsiri mbele ya pasta, "Amber ni kaharabu. Kaharabu... ya mwanaharamu."

Mama mwenyekiti akafunga macho. Sijui alikuwa anaomba ama anahesabu. Mweka hazina akarudi kwa ukuta, akaangalia chupa, akaangalia hilo jina, chupa, jina, nikaona hesabu inajumlishika kwa uso wake, akafunga kitabu cha risiti. Pap.

Mengine ni ya haraka. Nikaeleza inchi, nikaeleza milimita, hakuna aliyesikia. Pasta ndiye aliniokoa, akatoa karatasi ya matangazo akaigeuza, akasema, "Chora na kalamu." Nikachora viduara kumi na saba, dakika kumi, mzee akapiga sahihi. Pesa ikatoka. Taa zikaja leo mchana kwa tuktuk mbili.

Na ningekuwa nimesahau, kweli, ila fundi tuliyekodi ni mtu wa kazi yake, hiyo rangi anaijua, na yeye hana habari ya jana. Ako juu ya ngazi, profaili ya tatu begani, jasho linatiririka, pasta anaingia na wageni wawili kutoka dayosisi anawaonyesha ukumbi, na jamaa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, kwa Kiingereza cha katalogi, akiniuliza hiyo Bastard yangu naitaka kushoto ama kulia.

Nikasema kushoto.