Gunia la taka na matuta ya babu

Mtaani kwetu Mabatini, juu kwenye milima ya mawe ya Mwanza pasipo barabara, wingu likitanda, wengine hukimbilia nguo kwenye kamba na wengine hukimbilia magunia. Mvua ikikolea, maji yanaanza kuporomoka kati ya mawe, na maganda ya ndizi, pampasi, majivu na chupa za wiki nzima yanamwagwa humo humo. Yanashuka mfereji kwa mfereji hadi Mto Mirongo, na Mirongo haukawii: unakatiza katikati ya mji, unaingia Ziwa Victoria. Siyasemi haya kwa kusimuliwa. Na mimi nimeshamwaga.

Kuna siku mgambo walimkuta jirani yetu, mama mtu mzima, gunia liko mkononi bado. Wakamtajia faini ya elfu hamsini. Yule mama hakubisha. Aliwauliza tu, "Wanangu, hilo gari la taka limeota mbawa lifike huku?" Watu wakacheka, mgambo mmoja naye akacheka, lakini faini ikabaki pale pale.

Swali la yule mama lilinikumbusha babu. Alilima pamba Magu, na mpaka anazeeka alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila Krismasi: jinsi alivyolipishwa faini kwa sababu shamba lake halikuwa na matuta ya kukinga maji. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukumani. Limeni kwa matuta, punguzeni ng'ombe, wekeni mbolea shambani. Mkaidi alipelekwa barazani. Sababu iliyotolewa ni kwamba Msukuma anaiharibu ardhi kwa ujinga wake.

Ardhi ilikuwa inaharibika kweli, sibishi. Ila serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikihimiza pamba zaidi na zaidi, na tangu miaka ya 1920 vichaka vilikuwa vikifyekwa maeneo makubwa ili kumfukuza mbung'o. Pamba ikaenda viwandani kwa watu, udongo ukaenda mtoni, na faini ikaenda kwa babu. Watu walizichukia sheria zile kiasi kwamba zikawa kuni za siasa za uhuru huku Kanda ya Ziwa, na mpango wenyewe ukafa kabla Mwingereza hajaondoka.

Ziwa nalo lina kumbukumbu ya mambo haya. Wanasayansi waliochota tope la chini na kusoma tabaka zake waligundua kwamba rutuba majini na mwani vilianza kuongezeka miaka ya 1920 na 1930, wakati mashamba na makazi vikipanuka kuzunguka ziwa. Kwa hiyo uchafuzi haukuanza na chupa ya soda. Hata magugu maji, ambayo tulizoea kuyasimulia kama jambazi aliyetuvamia kutoka Amerika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1980, yasingenenepa hivyo kama yasingekuta meza imeandaliwa: mbolea, udongo, maji ya vyooni. Mgeni alikuja mwenyewe, sawa. Chakula tulimpakulia sisi.

Mtu atasema, basi sisi watu wa chini hatuambiliki. Mwangalie basi jirani yetu Shinyanga. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, katika mkoa uliokuwa umeanza kuitwa jangwa. Baada ya muda wahusika wakagundua kwamba wazee walikuwa na dawa yao ya zamani: ngitili, eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Utaratibu huo ulikuwa umevurugwa, na kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 kulichangia. Wakaurudisha, kila kaya na kila kijiji kikijua ngitili yake iko wapi na inamfaa nani. Zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti na majani. Wasukuma wale wale. Tofauti ni kwamba safari hii waliulizwa, na faida ilibaki kwao.

Mwanza bado tuko kwenye zama za matuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa ziachwe bila shughuli za kuhatarisha mazingira. Sheria nzuri. Lakini tembea bonde la Mirongo uhesabu nyumba za udongo zenye X nyekundu ya kubomolewa, kisha shuka ufukweni ukae kwenye hoteli ambazo ukidondosha kijiko kinaangukia kwa sangara. Sijaona X huko. Labda rangi iliisha.

Kisha linganisha na mifuko ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 ilipigwa marufuku, na pamoja na kwamba vile vifungashio laini vimejipenyeza sokoni kama mifuko, hakuna anayeweza kusema mifereji yetu iko kama ya 2018. Marufuku ile ilimgusa anayetengeneza, anayeingiza na anayeuza, siyo mama mwenye gunia peke yake. Chupa za maji je? Zinazotapakaa Mwaloni Kirumba kila mvua ikinyesha zina jina la kampuni limeandikwa ubavuni. Mwenye mali anajulikana, ila anayeitwa kusafisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni mimi na fagio langu.

Ninachotaka ni kitu kidogo, wala siyo cha ajabu. Juu kwenye mawe hakuna barabara na haitakuwepo kesho. Lakini milima hii imeshaanza kuwekewa mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba, baada ya wahandisi kukubali kwamba mtambo wa mji wa tambarare haufai huku. Waliifuata nyumba ilipo. Taka zishughulikiwe vivyo hivyo: ada tunayolipa kila mwezi imlipe mtu wa kubeba gunia kwa mgongo mpaka lami, kama ambavyo maji, saruji na mabati hupanda huku kwa migongo ya watu.

Na watu hao wapo tayari. Kuna kijana mwenye guta anayeliegesha chini kwenye lami, anapanda ngazi za mawe, anashuka na gunia kwa shilingi mia tano, analipeleka kwenye ghuba la kukusanyia taka. Tangu aanze kazi, yule mama jirani hajamwaga kitu mferejini. Wiki iliyopita nilimuuliza kama kuna ofisi yoyote inayomtambua. Akaniambia anatambulika vizuri sana, ameshakamatwa mara mbili kwa kubeba taka bila kibali.