Na ile asilimia moja je?

Kuna video inazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp hapa Kigoma. Bwawa la majitaka la nchi fulani linapulizwa hewa hadi linatokota mapovu kama chungu cha maharage, kisha bwana mmoja anachota glasi ya maji maangavu na kuinyanyua juu. Chini yake mtu kaandika: "Hii ikija kwetu, tunamwaga ziwani bila wasiwasi." Bila wasiwasi! Huyo hateki maji ya ziwa pale Kibirizi.

Sikatai, hewa inafanya kazi. Ukiipuliza, bakteria wanaohitaji oksijeni huongezeka wakaula uchafu, vijidudu vingine huwala bakteria wa kinyesi, na wengi hugandamana na tope wakazama. Kule Manchester, Uingereza, walionyesha mwaka 1914 kwamba hewa na tope husafisha majitaka. Harufu nayo hupungua, haya, hongera.

Lakini hesabu, ndugu zangu! Mililita 100 za majitaka mabichi zinaweza kubeba bakteria wa kinyesi milioni 10. Mtambo ukiondoa asilimia 99 tunapiga makofi. Wamebaki 100,000. Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 lilisema wasizidi 1,000 kwa mililita hizo hizo 100 kwenye maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi. Tumezidisha mara mia, na maji bado yanang'aa! Mng'ao huo una faida moja ya kweli: klorini na mwanga wa jua hupenya vizuri kwenye maji yasiyo na tope. Kwa hiyo hewa inaandaa njia, kuua kunakuja baadaye. Video imeishia kwenye maandalizi. Sisi tulioshuhudia kipindupindu cha Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa ziwa letu, mwaka 2015 hatuna hamu ya maandalizi.

Tope lenyewe, pamoja na mayai ya minyoo, linapelekwa wapi? Kimya.

Halafu vipulizia hewa ndivyo vinavyokula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye mtambo kama huo, na mji huu uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli. Jua tunalo bure. Bwawa la mwisho likiwa na kina cha mita moja hivi, maji yakatulia humo siku kadhaa, mwani ukatoa oksijeni mchana kutwa, jua linafyeka bakteria wengi mno. Linataka eneo kubwa na tambarare, nakubali, na sisi tumejaliwa vilima. Hata hivyo, atakayeleta mtambo wowote atuletee na majibu ya maabara kila mwezi, idadi kwa mililita 100, yabandikwe Kibirizi na Katonga palepale watu wanapochota.